Tume Yakuta Dunia Haina Kasoro

Hivi wewe, umewahi kuulizwa na wakubwa kama dunia inahitaji matengenezo? Wenzako wa kijiji kimoja mlimani, juu ya mji wa Mkuu, waliulizwa, tena chini ya turubai, na viti vya plastiki vikaletwa.

Tume ya Tathmini ya Hali ya Dunia, Kanda ya Mlimani, ilipanda na gari jeupe linalong'aa. Ili Mwenyekiti Eliudi asichafue viatu, liliamriwa jambo la busara kabisa: mfongo, ule mfereji unaoshusha maji ya mlima vihambani, kwenye mashamba ya kando ya nyumba, ufukiwe kwa udongo, gari lipite hadi kivulini.

Sasa asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya maji ya bibi Mektrida. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na majani yameanza kujikunja. Zamu nyingine ilikuwa wiki inayofuata, ambapo angemwagilia vijiti. Akabeba jembe lake, akaenda kukaa kiti cha mbele.

"Shikamoo bibi," alisema Mwenyekiti.

"Marahaba, baba. Nina neno dogo."

"Maneno madogo yana kikao chake. Leo tunajadili dunia kwa ujumla wake."

Katibu Brenda akasoma mada: Je, dunia ina kasoro, au ni macho yetu? Mjumbe mmoja alieleza kwa kina kwamba ukiitengeneza dunia huku watu wamo ndani, unaweza kuumiza mtu. Mwingine akauliza, kama mlima umekaa vibaya, wazungu wangekuwa wanaupanda? Makofi.

Mektrida akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, ni hapo tu, nyuma ya gari lako..."

"Bibi, usiturudishe nyuma. Taifa linakwenda mbele."

"Nyoosha wa kulia, mama," jirani yake Isack akamnong'oneza. "Huo wa kushoto wanauona wa upinzani."

Akanyoosha wa kulia. Ukaonekana vilevile.

Kabla ya mtori kupakuliwa, azimio likapita: dunia iko sawa, haihitaji kurekebishwa, na wanaoona kasoro wapimwe macho.

Maji, kwa kuwa hayakupewa nakala ya azimio, yalikuwa yamekosa njia yakageukia chini ya gari. Ardhi ikalegea. Dereva alipokanyaga mafuta, magurudumu yakazama mpaka milangoni, na tope likaruka likamvika Mwenyekiti suti ya pili.

"Rekebisheni hali hii!" akafoka.

Hakuna aliyeinuka. "Tutavunja azimio, mheshimiwa," alisema Isack, akilamba kijiko.

"Hii si dunia, hili ni gari langu!"

"Na lile lilikuwa shamba langu," alisema Mektrida, polepole.

Eliudi alizaliwa mlimani huku, japo miaka mingi alikuwa Dar. Akaenda kwenye uzio, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Huku kwetu anayekuletea isale hakataliwi msamaha. Wajumbe wakaulizana kama kuna waraka unaoruhusu. Mwenyekiti akapiga magoti kwenye tope, kalishika jani kwa mikono miwili.

"Nisamehe, bibi. Ulikuwa na neno dogo."

Mektrida akalipokea, akalichomeka kwenye kilemba, kisha akamkabidhi jembe.

"Nilitaka uzibue mfongo, mwanangu. Maharage yangu yana kiu."