Uniforme ya Dawa

Batu bote ba Baraka, ba Lubondja na ba Kilembwe: Comité ya Heshima ya Kupokea Dawa ya Cancer inabatangazia kama dawa ilifika kwa hospitali, na ilipokelewa muzuri sana. Mi njo chargé ya protocole. Balinichagua juu pikipiki yangu iko na klaxon ya nguvu. Mambo ya masomo, tuache.

Fête bila uniforme si fête. Pagne ya kushonesha hatukupata. Lakini ndani ya karton ya dawa mulikuwa bablouse sita ya plastiki, na gants ya mikono. Na sisi ba comité tuko batu sita. Président wetu, papa Néhémie, akasema Mungu anajua kuhesabu. Tukavaa. Tulipendeza, kabisa.

Orchestre iko inapiga, Ketsia, infirmière mwenye kutoa ile dawa, akatokea mbio.

—Blouse yangu iko wapi? Mama Constance iko kwa kitanda, dawa iko tayari!

—Mwanangu, Président akamujibu pole, we ulishazoea badawa. Uniforme ni ya bakubwa.

—Papa, iyi dawa inaunguza! Ikianguka kwa ngozi, inaunguza. Ikitoka inje ya mushipa, nyama inaoza. Bila blouse na gants siigusi. Na ikishachanganywa, haingojake discours!

Kusikia tu "inaunguza," bamembre bane bakakimbia, uniforme kwa mwili. Comité iliandika kama benyewe balienda mission ya kazi.

Mama Constance, mulimaji wa Lubondja mwenye cancer ya titi, akatoa kichwa kwa dirisha:

—Batoto, nilitoka Lubondja kwa pikipiki na hii titi inaniuma. Mutanitunza ao mutaniimbia?

Ketsia akanivua blouse yangu sawa vile banavua mutoto mbele ya kumuosha. Akavaa, akapasua paketi ya gants mupya. Akamuuliza mama jina yake, akaiangalia kwa chupa, akaangalia mushipa.

—Ikichoma, mama, sema palepale.

Dawa ikaingia pole pole.

Président, ye, alikatala kuvua.

—Mi nitazikwa na hii uniforme!

Mangaribi mama akaanza kutapika. Divine, binti yake, akarukia bassin ya kutapikia.

—Acha! Ketsia akapiga kelele. Mu matapishi muko dawa! Leo na kesho, mwenye kushika bassin avae blouse na gants.

Sisi bote tukageuza macho. Ya Ketsia ilishatupwa kisha kazi; blouse ya kubaki ilikuwa moja tu, na ilikuwa na muntu ndani.

—Papa Président, mama Constance akamuita, si uniforme ni ya bakubwa? Sogea karibu.

Photographe wetu akapiga picha ya Président na bassin mu mikono.

Basi, Comité inajulisha batu bote kama fête inaendelea. Président angali na uniforme. Discours yake alishajaribu kuisoma, lakini kila akifungua kinywa, mama anasema:

—Bassin.