Kileo cha Ukutani na Kileo cha Mfukoni

Kwa Muuguzi Mkuu, Wodi ya Wanawake.

Marahaba, mwanangu. Najua hujaniamkia, lakini umri wangu unaniruhusu kuitikia mapema.

Mimi ni mume wa kitanda cha tisa, yule mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga. Leo ni siku ya sita bawabu wenu ananirudisha mlangoni. Ananinusa, kisha anasema, "Mzee, umekunywa. Mkeo utamwona ukikauka." Sikatai kwamba nilikunywa. Ninacholalamikia ni hesabu.

1. Chupa yangu ya mfukoni ina kileo asilimia arobaini. Kitakasa mikono chenu kina asilimia sabini, tena mmeandika kwa herufi kubwa kama watu wanaojisifu. Cha arobaini kinafukuzwa, cha sabini kinapigiliwa misumari ukutani kwa heshima zote.

2. Usiniambie cha ukutani hakinyweki. Najua ni sumu, na mimi sina haraka ya kufa, nina mke. Lakini bawabu hakuuliza kileo kimepitia wapi. Alinusa tu. Kwa harufu ya kileo, mimi mbele yenu ni mtoto mdogo.

3. Nilikaa kwenye benchi la nje nikamhesabu muuguzi mmoja kupitia kioo. Kabla ya saa ya chai alibonyeza ile chupa mara kumi na tisa. Kumi na tisa mara sabini ni elfu moja mia tatu na thelathini. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa na arobaini yangu moja. Sasa nani arudishwe nyumbani akalale, mimi au yeye mwenye sindano?

4. Daktari nilimwona akijipaka mpaka kwenye viwiko. Sisemi zaidi, ana familia.

Kwa hiyo naomba kitakasa kipunguzwe hadi arobaini tuwe sawa, au bawabu awanuse wote, aingie atakayefaulu. Naona nitaingia peke yangu, na wagonjwa nitawahudumia mwenyewe.

Shule niliishia darasa la nne, na barua zangu miaka yote husahihishwa na mke wangu. Hii pia nampelekea kwanza, kwa mkono wa mama mfagiaji. Ukiona penseli, ni yake.

Nisalimie bawabu na daktari wa viwiko. Kitanda cha tisa mwambie paka wake hataki kula nikimwekea mimi.

Ni mimi, mwenye arobaini tu,
Mume wa Kitanda cha Tisa

Tanbihi: Barua imerudi. Kasahihisha makosa kumi na moja, hesabu ya namba tatu kaipa vema. Halafu pembeni kaandika: "Bawabu hana kosa. Mimi ndiye niliyemwomba Sista Mkuu urudishwe ukinuka. Njoo mkavu, nimekukumbuka." Basi futa namba moja mpaka nne. Chupa nimeimwaga kwenye sinki, paka ni shahidi. Jumapili nakuja. Mikono itakuwa inatetemeka kidogo, kwa hiyo naomba bawabu anibonyezee ile ya ukutani.