Mchomaji wa Mdomo

Asubuhi ya Pasaka habari ilitufikia mkahawani kabla ya kahawa yenyewe: Fotis, anayechomea kijiji kizima kondoo wa Pasaka, kateleza kwenye ngazi za kanisa, kavunjika mkono.

"Na wakwe wako wanakuja leo kutoka Volos!" Redio, asiyefunga mdomo hata akila, akamgeukia Vangelis tunayemwita Waziri. Wazazi wa kijana aliyemchumbia bintiye Lemonia walikuwa wanakuja kula kwake kwa mara ya kwanza.

"Kwani kuchoma ni kitu gani?" Waziri akavimba. "Nimesimamia kondoo miaka thelathini!"

"Kusimamia! Wewe unakaa na glasi unasema 'shusha, pandisha'."

"Hayo ndiyo maarifa!"

"Hata mimi naangalia mpira," Koplo, mwenzetu wa meza ile ile, akadakia. "Mbona timu ya taifa hawaniiti?"

Tukamfuata uani kwake, msaada hakuna, midomo tele. Akampitisha kondoo chuma toka mkiani hadi mdomoni, akampandisha juu ya makaa, akashika mpini, akazungusha.

Chuma kikazunguka. Kondoo katulia tuli.

"Kagoma huyo," Koplo akasema.

"Anazunguka! Macho yenu mabovu!"

"Waziri, tumbo linaungua, mgongo bado unalia mee!"

"Si huwa anafungwa waya kwenye uti wa mgongo?" nikauliza.

"Sasa ndiyo unasema?"

"Nilidhani unajua, bwana. Miaka thelathini!"

Redio akacheka mpaka akashika ukuta. Waziri hakucheka.

"Jamani, niacheni. Mwanangu anaingia kwa watu, halafu waseme baba yake hajui hata kondoo?"

Pale hata mimi nikamwonea huruma. Honi ikalia. Mzee Kyriakos, baba wa kijana, akaingia na mkewe, akamtazama kondoo: chini mkaa, juu mbichi.

Waziri akamnyooshea mpini. "Karibu, mkwe. Heshima ya mgeni hii, shika wewe."

Kyriakos akarudi nyuma kama kapewa nyoka. "Mimi? Kwetu anachoma shemeji." Akamwangalia mkewe asije akasikia, akashusha sauti. "Mimi huwa nasema tu chumvi imepungua."

Waziri akamkumbatia mpaka kofia ya mgeni ikaangukia majivuni.

"Lemonia!" akaita, machozi yanamlengalenga. "Njoo, mwanangu! Olewa! Hawa ni watu wetu kabisa!"