Mlinzi wa Kamba ya Mbele

Jumatatu, 3 Agosti

Imetangazwa rasmi. Baba Mtakatifu anakuja jijini kwetu, na misa ya hadhara itakuwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Huko halmashauri watu wamechanganyikiwa. Mashimo ya barabarani tuliyoyazoea kama majirani, leo yanazibwa. Mimi ni mnyapara wa kikosi cha rangi. Agizo limetoka juu: kuta zote za njia atakayopita zipakwe nyeupe na njano, ila upande unaoonekana barabarani tu. Nyuma paachwe palivyo. Nikauliza, je, mgeni akigeuza shingo? Bosi akanijibu kwamba kazi yangu ni brashi.

Sasa mpango wangu. Mimi sisimami na halaiki kule nyuma nikitazama visogo vya watu. Maisha yangu yote ni ya nyuma. Shuleni nyuma, kazini nyuma, hata kwenye picha ya harusi yangu mwenyewe shemeji amenikinga nusu ya uso. Safari hii nitakuwa mbele. Nitamwona Baba Mtakatifu ana kwa ana, na yeye ataniona.

Shemeji ninayemsema ni kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Anashona majoho ya kwaya na anatembea kama amekwisha kutangazwa mtakatifu. Mtaa mzima unampenda. Inachosha.

Jioni Mama kaniita. Miguu yake imegoma tangu mwaka jana, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Parokia imetenga sehemu ya wagonjwa, kila mmoja na msindikizaji wake. Mama haombi ovyo. Alisema anataka nimsukume mimi niliyetoka tumboni mwake, si mtu mwingine. Nikamwambia hilo halina mjadala.

Ndipo nikauliza wagonjwa watawekwa wapi. Nyuma kabisa, karibu na geti, ubavuni mwa magari ya hospitali. Nyuma!

Alhamisi, 6 Agosti

Nyumba yangu iko kwenye njia ya msafara. Mungu si Athumani. Nimeipaka mbele mara mbili, kwa rangi ya halmashauri, maana mimi pia ni mwananchi. Juu ya dirisha nimeandika KARIBU BABA MTAKATIFU, na chini yake, kwa herufi za adabu, jina la ukoo wetu. Kitanda kibovu, magunia, kamba ya nguo na banda la kuku, vyote nimevihamishia nyuma.

Mke wangu alizunguka nyumba akiwa ameshika kiuno. Akauliza sisi tunaishi upande gani. Mwanamke hana maono.

Jumamosi, 8 Agosti

Wamebadilisha njia! Watu wa usalama wamesema barabara yetu ni nyembamba. Msafara sasa utapita mtaa wa nyuma. Yaani Baba Mtakatifu atalakiwa na banda langu la kuku.

Nilimfuata bosi nimpe ushauri kwamba nyuma napo papakwe. Akasema rangi ya mtaa huo haikupangwa, na sehemu yoyote ya aibu ifunikwe. Mchana vijana wangu mwenyewe wakaja na turubai lililokuwa likifunika mchanga, wakaisitiri nyumba yangu kama maiti ya ajalini. Hawakucheka mbele yangu. Walisubiri wafike kwenye gari.

Na duka la shemeji je? Linatazama mtaa huo huo wa nyuma. Alipaka chokaa kwa mkono wake, akatundika kitambaa cheupe mlangoni, basi. Bosi kapita na kulisifu. Nimekunywa maji nikalala na hasira zangu.

Jumatatu, 10 Agosti

Bahati haijanitupa. Leo nimekutana na Kamanda. Ni mwanajeshi mstaafu ambaye parokia imemkabidhi walinzi wote wa utaratibu siku ya misa. Kamba ya mbele kabisa, inayotenganisha watu na madhabahu, ina walinzi wachache sana. Nikamwambia nafasi moja pale ingenifaa. Akakohoa. Akatazama ukuta wa nyumba yake, ambao haujaona rangi tangu ujengwe. Akakohoa tena.

Mimi kikohozi cha namna hiyo nakifahamu. Mkono mtupu haulambwi. Kuna ndoo za rangi zilizokuwa za shule ya msingi, upande wa nyuma ambao hakuna mgeni atakayeuona. Watoto wenyewe wamezoea kuta za matope. Tumeelewana.

Jumatano, 12 Agosti

Siku nzima juu ya ngazi, kwa Kamanda. Ukuta wake ni mrefu kuliko shukrani zake. Leo hiyo hiyo walinzi walikuwa na mafunzo uwanja wa parokia, nami kabla hajaenda nikamuuliza itakuwaje kwangu. Akaniambia nisijali, nimalize kona ile ya jikoni. Kusimama tu, akasema, nani asiyejua kusimama?

Kweli. Nimesimama tangu nina mwaka mmoja.

Jioni ilibidi nimwambie Mama. Nilizunguka kidogo. Nikasema kanisa limenihitaji, nikasema wito hauna hodi, nikasema shemeji ana mikono laini ya kusukuma. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, baba," akaongeza sauti ya redio. Hakununa. Afadhali angenuna. Mama akinuna najua pa kushika.

Shemeji alikubali kabla sijamaliza kuomba, akasema kumsukuma Mama ni heshima kwake. Aliisema mbele ya watu. Jina lake limekwisha kuandikwa kwenye kitambulisho cha msindikizaji.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema kimbelembele hiki kitanitokea puani. Nilikuwa na rangi puani tayari.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimepewa mkanda wangu wa njano wa kuvaa begani. Unanipendeza. Nimejifunza sura mbele ya kioo: unyenyekevu, lakini si ule wa mtu anayedaiwa. Baba Mtakatifu akinitazama, nitainamisha kichwa kidogo, halafu nitakiinua taratibu. Ofisini nimewaambia wote. Bosi mwenyewe amepata nafasi nyuma ya mnara wa vipaza sauti. Nilimpa pole ya dhati.

Jumamosi, 15 Agosti

Paroko ametangaza kwamba mgeni mwenyewe ameomba wagonjwa wawe mbele. Watahamishwa kutoka getini mpaka kwenye kamba. Mama mbele! Shemeji mbele!

Nilikimbia mpaka ofisi ya parokia nikiwa na kandambili tofauti miguuni. Nikamweleza Paroko kwamba mtoto ni mtoto, damu nzito kuliko maji, nimerudi kutimiza wajibu. Paroko akasema ni vizuri, ila majina yameshapita kwa watu wa usalama na hayagusiki tena. Halafu akanifariji. Kumbe si mko pamoja, akasema, na wewe utakuwa karibu na madhabahu kuliko wao wote.

Ni kweli. Hatua kadhaa mbele ya shemeji. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 16 Agosti

Naandika kwa sababu nikiacha nitapasuka.

Kumepambazuka tukiwa uwanjani. Watu kama siafu. Nikapewa nafasi yangu, katikati kabisa ya kamba, ngazi za madhabahu hizi hapa, kiti cheupe kile pale. Nikaivaa sura yangu ya kwenye kioo. Halafu Kamanda akapiga kelele: walinzi, geuka nyuma! Wote wakageuka. Nikabaki peke yangu nikitazama madhabahu, najua ni kwata tu, watarudi.

Hawakurudi. Kamanda akaja akanishika bega na kunigeuza kama mtoto. Mlinzi wa utaratibu huwatazama watu, si madhabahu. Tangu mwanzo hadi mwisho. Atakayegeuka anatolewa na askari. Akasema tulifundishwa hayo Jumatano. Nikamkumbusha Jumatano nilikuwa wapi. Akakohoa.

Basi nikasimama, mgongo wangu kwa Baba Mtakatifu. Alipoingia nilijua kwa nyuso za watu. Uwanja mzima ulifumbua vinywa mara moja, watu wazima wanalia, watoto wamebebwa mabegani, na mimi natazama tonsili za umma. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu ili nichungulie katikati ya miguu yangu. Nikaona zulia, juu chini, na buti za askari zikinisogelea. Nikainuka.

Mbele yangu, hatua chache tu, Mama kwenye kiti chake, na nyuma yake shemeji, kavaa miwani mipya ya jua. Ndani ya miwani nikaona nukta nyeupe inatembea. Ni yeye! Nikakaza macho. Nukta ikanyanyua mkono. Hapo shemeji, kwa ile heshima yake, akavua miwani akaitia mfukoni.

Nilimchukia shemeji siku nyingi, lakini si kama dakika ile.

Sikuwa na pa kutazama tena. Kumtazama shemeji nisingeweza, kutazama halaiki kichwa kinazunguka. Nikamtazama Mama. Misa nzima. Kavaa kilemba cha bluu alichokitunza tangu baba yangu yuko hai. Midomo yake inasali kabla ya kila mtu, kama anamsaidia padri. Sikujua kwamba jicho la kushoto limeanza kuwa na ukungu. Sikujua vidole vyake vinatetemeka hivyo. Nakaa naye nyumba moja. Nikapangusa macho, maana siku nzima kulikuwa na vumbi.

Mwishoni Baba Mtakatifu akashuka hadi nyuma yangu. Nikasikia kitambaa kikipita. Kivuli cha mkono kilianguka chini, kikapanda magotini kwa Mama, kikakaa hapo kidogo. Mama akafumba macho. Matone ya maji ya baraka yakanipata kisogoni.

Ndivyo nilivyomwona Baba Mtakatifu.

Jumatatu, 17 Agosti

Nilidhani leo Mama atanisema. Nimemkuta barazani na majirani, shemeji yuko pembeni anakunywa chai yangu. Mama anawasimulia misa. Hasimulii kuhusu kivuli wala wimbo. Anasema watu wote wale, maelfu kwa maelfu, walikuwa wanamtazama Baba Mtakatifu. Mtu mmoja tu katika uwanja mzima alikuwa anamtazama yeye. Hakumwondolea macho hata kidogo.

"Kumbe ndiyo sababu ulikataa kunisukuma," akaniambia. "Ungenisukuma ungekiona kisogo changu. Ukaenda kutafuta mahali pa kuniona uso. Nami nilikukasirikia bure, mwanangu. Nisamehe."

Majirani wakafuta machozi. Shemeji anaujua ukweli wote, alikuwa ananiona ninavyochungulia miguuni. Akanitazama, akatazama kikombe, akaendelea na chai. Huo utakatifu wake utaniua.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nikasema, ah, Mama, wajibu tu.

Akanishika mkono. Akauliza kama Jumapili hii nitampeleka misa ya kawaida mwenyewe, asubuhi, polepole, wawili tu.

Ningependa. Lakini nimepata habari za ndani. Mwakani anakuja Kadinali kubariki mnara mpya, na anatafutwa mtu wa kumshikia mwavuli. Nimepiga hesabu vizuri safari hii. Mshika mwavuli hawezi kugeuzwa nyuma. Lazima amtazame anayemfunika. Orodha inaandikwa Jumapili, asubuhi hiyo hiyo, na Katibu wa parokia ana geti ambalo halijawahi kupakwa rangi.

Nimemwomba shemeji amsukume Mama. Kakubali kabla sijamaliza.