Mpangilio Mmoja kwa Watu Sita

Jumatatu, 9 Machi

Mkuu wa timu ameniita pembeni asubuhi. Nimemzidi umri kwa miaka kumi na tano, lakini akivua miwani nasahau hata jina langu. Amesema programu yetu ya kupanga miadi ya zahanati inasomeka kama imeandikwa na watu sita waliogombana. Ni kweli. Kila mmoja wetu ana kihariri chake, yaani ile programu tunayoandikia kazi, na kila kihariri kina mipangilio yake. Mmoja akisogeza mstari ndani anaacha nafasi mbili, mwingine nne, mwingine anabonyeza kitufe cha Tab. Mtu akirekebisha neno moja, kihariri chake kinasogeza na mistari mingine, na mashine inasema amebadilisha mistari mia tatu. Kosa la kweli utalipata wapi humo?

Nimepewa kazi: hadi Ijumaa, mteja akija, vihariri vyote viwe na mpangilio mmoja. Nikiweza, nabaki kwenye timu. Nikishindwa, narudi mapokezi kuandika majina ya wageni. Na miaka yangu arobaini na tisa! Na kozi yangu ya miezi sita! Cheti kiko ukutani sebuleni, akina dada wote wa kikundi cha sala wameshakipiga picha. Ee Mungu, nisiaibike.

Nimeandika maelekezo ukurasa mmoja, nikampa kila mtu mkononi, kwa tabasamu. Profesa (si profesa, ni ndevu tu) amesema bila kugeuka kwamba kihariri cha mtu ni kama mswaki wake. Chake ni cha zamani, cheusi tii, hakitaki hata kipanya. Nimemwombea. Si kwa upole sana.

Jumanne, 10 Machi

Hakuna aliyefuata maelekezo. Karatasi moja nimeikuta chini ya kikombe.

Mpango mpya: kura ya siri. Nani atabishia kura? Nimekata vikaratasi sita, kimoja cha Mkuu, nimeazima kofia ya mlinzi. Kabla hata hatujaanza, Dada Mbili, tunayemwita hivyo kwa nafasi zake mbili, kamwambia Kaka Nne kwamba nafasi nne ni za watu wasioona vizuri. Kaka Nne kajibu kuwa mbili ni za watu wanaobania hata hewa. Nikasema jamani, tupendane, tupige kura.

Matokeo. Mbili: kura mbili. Nne: kura mbili. Tab: kura moja. Na kikaratasi kimoja hakina kitu.

Hicho ni changu. Niliogopa kumkwaza mtu.

Nikauliza kama tungeweza kukubaliana na nafasi tatu. Wakanitazama kama nimetukana.

Jumatano, 11 Machi

Mungu ni mwema! Nimesoma kwamba si lazima kumbembeleza mtu. Kuna faili la mipangilio linalowekwa ndani ya mradi wenyewe. Kila anayechukua kazi analipata, na kihariri chake kinalitii hilo kuliko mipangilio yake binafsi. Bila kura! Bila tabasamu!

Shida ni niandike nini humo. Sijui kila mstari una kazi gani, nikaogopa kuacha cha maana. Basi nimenakili mipangilio yangu yote, mzimamzima, kama ilivyo kwenye kompyuta yangu. Kwangu inafanya kazi, kwao itakosaje? Nimeituma saa kumi, wote wakiwa kwenye chai, wasipate muda wa kubisha. Kisha sala fupi ya shukrani. Leo nalala fofofo.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa! Kaka Nne kafungua kompyuta, kapiga yowe. Herufi kubwa kama za bango la barabarani! Mimi macho yangu mabovu, huwa nazikuza. Mistari minane imejaza skrini nzima.

Hilo ndilo dogo. Nilikuwa nimeweka kihariri kihifadhi chenyewe kila sekunde, na kila kikihifadhi kilipange faili lote upya. Kwangu, ninayefungua faili moja kwa siku, ni raha tupu. Kwao, kila faili waliloligusa likajipanga, wakatuma, kazi zikagongana. Kufika saa nne, mistari elfu kumi na moja imebadilika. Katika vurugu hiyo marekebisho ya Dada Mbili yamefutika, yale ya kosa linalompa mgonjwa miadi ya jana. Na mteja anakuja kesho!

Mkuu akauliza ni nani. Nikasema labda ni mtandao. Profesa, ambaye kihariri chake hakilisomi hilo faili na alikuwa anakunywa chai kwa amani, akasoma kwa sauti kutoka kumbukumbu za mradi: jina langu, saa kumi na dakika mbili, na ujumbe nilioandika wakati wa kutuma, Mungu ibariki timu hii.

Mkuu kavua miwani. Kasema kesho, mteja akiondoka, tuzungumze. Nimejifungia chooni nikasali mpaka mtu akagonga.

Ijumaa, 13 Machi

Nimefika kabla ya mfagiaji. Profesa kanitangulia. Nikajua amekuja kunicheka. Akavuta kiti, akasema Mama, kaa hapa, usiguse kitu.

Karudisha kila kitu kilivyokuwa Jumatano asubuhi. Marekebisho ya Dada Mbili kayaokota. Faili langu la mistari sitini na minne kalikata ikabaki mitatu, akaiandika kwenye faili la aina ambayo vihariri vyote vinaisoma, hata chake. Na kazi ya kupanga kaipa seva inayopokea kazi zetu: andika upendavyo, ukituma, yenyewe inapanga. Nafasi nne. Nikashangaa, si yeye ni mtu wa Tab? Akasema amechoka. Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema nikirudishwa mapokezi, kazi hii atapewa yeye.

Mteja ameridhika. Nabaki! Nimelia kidogo mbele ya Mkuu. Ametoa sharti moja: nisitume chochote kwenye mipangilio ya pamoja kabla ya kuwauliza watu wawili. Nimeahidi mbele za Mungu.

Jumatatu, 16 Machi

Jana nzima nimewaza. Nafasi sasa zinafanana, sawa. Lakini ujumbe wa watu wakituma kazi! Mmoja anaandika "tayari". Mwingine nukta tu. Hakuna salamu, hakuna heshima. Na seva, nilimwona Profesa, inaweza kufundishwa kukataa. Mistari miwili tu: kazi ambayo ujumbe wake hauanzi na salamu irudishwe kwa mwenyewe.

Ahadi ni ahadi. Nimewauliza watu wawili. Mume wangu, fundi majokofu, amesema mtu asiyesalimu hakulelewa. Dada anayetuongoza kwenye sala amesema amina. Nimetuma saa tatu kamili.

Sasa ni saa nne. Hakuna kazi ya mtu hata moja iliyopita. Mkuu anakuja upande huu, haraka haraka, na nyuma yake wote wanne. Nimesimama, nimsalimie mimi kwanza.