Disketi Yenye Ukoo

Jumatatu, 8 Juni 1998

Kazi ya kupiga chapa mitihani ya sekondari ni yangu! Rukiyo wa ng'ambo ya barabara, mwenye taipureta, amenuna. Karatasi zinatakiwa Ijumaa. Nikichelewa, mwalimu mkuu atahamia kwa Rukiyo moja kwa moja. Tatizo: programu yangu ya kuandikia imegoma. Nahitaji ile ya bure, iliyoandikwa na watu wa kila nchi na kuachwa wazi. Hapo ndipo ninaposhuku. Kitu kilicho wazi, kila mtu hukitia mkono.

Jumanne, 9 Juni

Darare, mwalimu wa hesabu, Mborana wa Wajir asiye wa ukoo wetu, kaniletea disketi ya programu hiyo. Pamoja na karatasi ya tarakimu! Eti kompyuta ikiipigia programu hesabu na kupata tarakimu zilezile za waandishi, basi hakuna aliyeichezea njiani. Nikamtazama. Mtu safi huomba akaguliwe? Nikamwuliza imepitia kwa nani. Akataja watu wa Nairobi, wala hajui hata babu zao. Nimemrudishia. Mimi si mjinga.

Jumatano, 10 Juni

Alhamdulillahi! Binamu Bare kashuka na lori kutoka Modogashe, ana programu ileile. Nikamtaka ataje nasaba. Kaitiririsha, baba hadi babu wa mababu, bila kukwama. Akaapa kwa lafudhi yake: wallahi brogramu ni safi. Aliyempa? Dereva fulani, mcheshi sana. Sikuchimba. Damu nzito kuliko maji. Nimeandika mitihani yote. Rukiyo kachungulia dirishani, jasusi yule! Nikafunika kompyuta kwa shuka.

Alhamisi, 11 Juni

Balaa! Herufi zinadondoka hadi chini ya skrini. Maswali ya Kemia yamekuwa kifusi. Kisha mitihani yote ikatoweka. Nimelia, sifichi. Darare kaja, kawasha mashine kwa disketi yake, akaipima ya Bare. Tarakimu hazilingani kabisa na za karatasi. Kasema mtu ametia virusi njiani.

Ijumaa, 12 Juni

Rukiyo kamaliza mitihani yote. Taipureta imelia tangu alfajiri, naisikia kitandani. Mwalimu mkuu kanipita bila salamu. Uchungu ulioje!

Nimewaza, nimeligundua kosa. Bare nilimwuliza nasaba ya baba tu! Wajomba zake siwajui hata kidogo. Darare kaniachia karatasi yake ya tarakimu; nimefungia sukari. Bahati nzuri Yonis kafika kutoka Tarbaj na disketi mpya, kapewa na mtu sokoni. Baba yake namjua. Mama yake ni dada wa mama yangu. Nimeitumbukiza kwenye kompyuta kabla hajamaliza chai.