Kilima cha Baba Mkubwa

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkubwa amefariki alfajiri. Yeye ndiye aliyenilea. Nimelia sana, kisha nikapiga mahesabu. Mwanawe, tunayemwita Kamanda, ndiye bingwa wa klabu yetu ya vita vya mezani, mchezo wa dadu na askari wa plastiki. Shindano la kutengeneza uwanja bora wa vita ni Jumamosi. Mfiwa hawezi kukaa akikata milima ya kuchezea! Kufa kufaana, wahenga hawakukosea.

Nimejitolea kutengeneza picha kubwa ya marehemu, kwa kuwa nafanya kazi kwenye duka la mabango. Mama mkubwa amenibariki. Bosi amenitolea fomubodi nzima, ile mbao nyepesi yenye povu kavu katikati na karatasi pande mbili. Picha haihitaji mbao nzima. Nani atapima?

Jumanne, 5 Machi

Mabaki ya mbao nimeyajengea ngome. Minara, madirisha, hadi ufa wa mzinga ukutani. Nilipigwa na butwaa mwenyewe. Kisha, haraka haraka haina baraka, nikaipulizia rangi ya kopo badala ya kutumia brashi. Rangi ikala povu. Minara ikanywea mbele ya macho yangu kama meno yaliyooza. Imebaki karatasi tupu imesimama, ndani hamna kitu.

Jumatano, 6 Machi

Stoo imefungwa, funguo anazo bosi. Nimemwomba kipande, akaniuliza marehemu wangu ana nyuso ngapi.

Picha imetoka vizuri mno. Baba mkubwa ndani ya suti, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo kama kawaida yake. Mama mkubwa alipita dukani kuiona. Akaishika shavuni kwa kiganja.

“Huyu ndiye mume wangu,” akasema. “Yule wa hospitali sikumjua.”

Nikatoka nje nikalie huko. Niliporudi, picha ilikuwa imelala kifudifudi mezani. Mgongo wake mweupe pe! Mazishi ni Jumapili. Mbao mpya zinafika kesho. Nitachapisha nyingine na hakuna atakayejua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata. Nilianzia kidevuni, macho nilishindwa kuyatazama. Vipande nimevipanga ngazi kwa ngazi, uso chini, nikapaka gundi na kumwaga mchanga juu. Safari hii brashi! Kilima kimesimama kama cha kweli. Askari wangu wa plastiki wamekaa kileleni bila kuyumba.

Jioni bosi akatangaza kuwa gari la mzigo limeharibika njiani. Mbao zitafika wiki ijayo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimezunguka mjini kutwa nzima. Maduka ya vifaa vya shule, mafundi fremu, mpaka kwa fundi majeneza. Hakuna fomubodi. Fundi majeneza alinipa pole na kipande cha mbao ya kweli, kizito kama dhambi.

Mama mkubwa kapiga simu. Mwili umeshaletwa nyumbani, anataka picha ikae kichwani pake. Nikamwambia gundi haijakauka. Akasema haya, mwanangu, usijichoshe. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Kamanda kaja klabuni! Si kushindana. Mama yake kamtuma aifuate picha, dukani wakamwambia ninayo mimi. Macho mekundu, shati limekunjamana. Kabla sijatunga uongo, akakiona kilima. Akakisifu! Miaka yote hiyo hajawahi kusifu kazi yangu. Akakiinua kuangalia nimeungaje, kama afanyavyo fundi yeyote.

Chini yake kulikuwa na jicho la baba yake na nusu ya masharubu.

Nilingoja kofi. Halikuja. Akavuta kiti, akaomba kisu, akaanza kubandua ngazi moja baada ya nyingine, taratibu, kama anafungua kidonda. Watu wakaacha dadu. Paji la uso likatoka, kisha pua, kisha ule mdomo unaocheka upande.

Akaniomba gundi, bila kuinua kichwa. Nikampa.

Waamuzi wameniondoa mashindanoni. Nilipouliza ni kwa kifungu gani cha kanuni, mwenyekiti alinionyesha mlango.

Jumapili, 10 Machi

Tumezika. Picha ilisimama mbele ya jeneza, nyufa zimepita usoni kote, mchanga umeganda shavuni, sikio moja halikupatikana. Hakuna aliyeuliza. Kamanda alisimama upande wa pili wa kaburi. Hakunitazama hata mara moja, na najua hatanitazama tena.

Baadaye mama mkubwa aliniita chumbani kwake. Akanishika mkono. Akasema Kamanda kamweleza yote. Akasema baba mkubwa angecheka kwanza, kisha angeninyamazia mwaka mzima. Akaomba nikae naye tu, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nikakaa. Nililia kwa dhati, Mungu shahidi.

Lakini dada yake alikuwa amemletea friji jipya, lipo pale pembeni ya kitanda ndani ya boksi. Kwa juu boksi limepasuka, na mle ndani, mapande ya povu! Manene, meupe, moja lina tao kama lango la ngome! Nikamuuliza kwa upole kama boksi lile wana kazi nalo.

Akauachia mkono wangu. Akasema chukua.

Ni mwanamke mwenye moyo wa dhahabu. Kesho nitarudi kumliwaza. Sebuleni nimeona televisheni ambayo nayo haijafunguliwa.